Mabinamu wa Malpas

Ujumbe wa mteja ulikuwa mfupi: aya ya mwisho, ile ya Kenya, haihusiani na mada, iondolewe. Nikaiondoa. Yalibaki masaa mawili kabla ya kazi kutakikana, tokeni za stima zilikuwa zinaelekea kuisha, na kurasa nane ni kurasa nane. Pesa ikaingia Ijumaa.

Kwa wale hawajui hii hasla: kuna wanafunzi ng'ambo ambao hawaandiki insha zao wenyewe, na kuna vijana wa Nakuru, Eldoret na Roysambu wanaowaandikia. Mimi ni mmoja wao. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipomshinda mamangu, na tangu siku hiyo nimeandika insha za shahada ambazo mimi mwenyewe sina. Najua si kazi ya kujivunia mbele ya mchungaji. Inalipa kodi. Naishi Milimani, lakini usinionee wivu: ni chumba cha wafanyakazi nyuma ya bangalo la zamani la mkoloni. Nyuma yangu kuna mlima Menengai, mbele yangu, chini kabisa, kuna ziwa.

Oda yenyewe ilikuwa hivi: eleza nasaba na ushawishi wa familia moja ya makabaila wa Kinormani nchini Uingereza, karne ya 11 hadi ya 13. Mteja alikuwa ameshachagua familia: mabaroni wa Malpas, jimbo la Cheshire. Sikuwahi kusikia hilo jina maishani. Usiku wa pili, macho yakiwa mekundu, nikafika pale mti wa ukoo unapogawanyika. Tawi moja: Cholmondeley. Tawi lingine: Egerton.

Nikaweka simu chini. Hayo majina nayajua. Egerton unapanda matatu ya Njoro na kushuka getini. Na Cholmondeley (inatamkwa "Chamli", usiniulize herufi zingine huenda wapi) ndilo jina la ukoo la kina Delamere. Wale wa Soysambu. Wale wa kituo cha Naivasha ambapo kila basi la kwenda Nairobi husimama watu wakanunue yogati.

Hiyo ndiyo aya iliyoondolewa. Nimeirudisha hapa, na safari hii hakuna mtu wa kuniambia haihusiani.

*

Tuanzie mwanzo. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, alivuka bahari na kuiteka Uingereza. Kaskazini mwa nchi watu walikataa kutawaliwa, kwa hivyo majira ya baridi ya 1069 na 1070 jeshi lake lilipita likichoma vijiji, mazao na ghala. Halafu akagawa ardhi kwa watu wake. Mnamo 1071 hivi, Chester ilimwendea Hugh d'Avranches, Mnormani ambaye baadaye alikumbukwa kwa jina la Lupus, yaani Mbwa Mwitu. Karibu jimbo zima likawa lake, isipokuwa ardhi ya askofu.

Mwishoni mwa mwaka 1085 William aliamuru nchi ihesabiwe: nani anamiliki nini, ng'ombe wa kulima wangapi, kodi kiasi gani. Kitabu kilichotokana na hesabu hiyo kinaitwa Domesday, na bado kipo. Ukisoma kurasa za Cheshire kuna neno moja la Kilatini linalorudi tena na tena mbele ya majina ya vijiji: wasta. Maana yake ardhi tupu, isiyozalisha, isiyo na kodi ya kukusanya. Kitabu hakisemi nani aliifanya tupu. Karani hakuulizwa hilo.

Katika kitabu hicho kuna kijiji kinaitwa Depenbech. Kabla ya 1066 mwenyewe alikuwa Edwin, Mwingereza. Mwaka 1086 mwenyewe ni Robert FitzHugh, mtu wa Hugh Mbwa Mwitu. Baadaye hata jina likabadilishwa, kijiji kikaitwa Malpas, neno la Kifaransa lenye maana ya njia mbaya, mahali pagumu kupita. Mtu akichukua ardhi huchukua pia haki ya kuiita atakavyo. Sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kufunzwa hilo.

Vizazi vichache baadaye nusu ya ubaroni huo ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye vitabu vya nasaba vinamwita William le Belward. Hapo sheria ya urithi ya makabaila ndiyo ya kuangalia. Mtoto wa kwanza wa kiume hupata pakubwa. Wadogo hupewa kijiji kama wana bahati, kisha hujiita jina la kijiji hicho. Vitabu hivyo vinasema mwanawe Robert alipata Cholmondeley, na watoto wake wakawa kina Cholmondeley. Mwanawe mwingine, David, alimzaa Philip, aliyeitwa Goch, neno la Kiwelshi lenye maana ya mwekundu. Philip Mwekundu akapata Egerton, kijiji cha jirani tu, na watoto wake wakawa kina Egerton.

Kwa hivyo ndugu wawili wa Malpas, vijiji viwili vinavyopakana. Miaka zaidi ya 700 baadaye, mtu mmoja kutoka kila upande alikuja kuishi kando ya Nakuru, na umbali kati yao ukawa tena wa jirani na jirani.

*

Kina Cholmondeley waligawanyika mara nyingi. Tawi linalotuhusu lilianza mapema karne ya 17, na aliyelianzisha ni mwanamke. Mary Holford alikuwa mtoto wa pekee wa babake, akaolewa na Sir Hugh Cholmondeley. Babake alipofariki, ndugu wa babake akadai mali ni yake kwa kuwa yeye ni mwanamume. Mary akampeleka kortini. Kesi ilichukua karibu miaka arobaini, na Mary hakuondoka mikono mitupu. Mfalme James wa Kwanza alimwita bibi jasiri wa Cheshire. Ni yeye aliyenunua Vale Royal, iliyokuwa zamani nyumba ya watawa, na mwanawe Thomas akaanzisha hapo ukoo ambao mwaka 1821 ulipewa cheo: Baroni Delamere.

Na sasa jina. Karibu na Vale Royal kuna msitu ambao makabaila wa Chester waliufanya wa kuwinda wao peke yao. Mwanakijiji hakuruhusiwa kugusa paa. Msitu huo una viziwa vingi, na jina Delamere linatokana na hivyo viziwa. Ukilifasiri kwa Kiswahili chepesi unapata "ya maziwa". Nilicheka peke yangu saa nane usiku. Miaka yote hii tunanunua maziwa ya Delamere, kumbe ni maziwa ya maziwa.

Hugh Cholmondeley, Lodi Delamere wa tatu, alizaliwa 1870. Alikuwa mwindaji. Mwaka 1897 alifika nyanda zetu za juu akitokea Somalia kwa miguu na ngamia, akapapenda, na kufikia 1903 alikuwa amerudi kukaa. Serikali ya mkoloni ilimkodisha ekari 100,000 upande wa Njoro kwa miaka 99.

Serikali ilitoa wapi ekari 100,000 za kupeana? Hapa ndipo nilipokumbuka neno wasta. Mwaka 1899 wanasheria wa taji huko London walishauri kwamba katika himaya kama hii, ardhi tupu isiyokaliwa ni ya kutolewa na taji. Neno la Kiingereza walilotumia kwa "tupu" lina mzizi uleule wa Kilatini kama lile la Domesday. Mwaka 1902 ikaja Sheria ya Ardhi ya Taji. Mwaka 1904 Wamasai wakawekewa mkataba, wakahamishwa kutoka Naivasha, Elmenteita na Nakuru, wengine Laikipia, wengine kusini. Waliambiwa ni ya kudumu. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, wa kuwatoa Laikipia pia. Walienda kortini mwaka 1913 na kesi ikatupwa, kwa hoja kwamba mkataba wao na Uingereza ni wa taifa na taifa, kwa hivyo mahakama haina mamlaka. Yaani walikuwa taifa siku ya kushtaki tu.

Delamere mwenyewe alisifika kwa kuwapenda Wamasai, na aliongea lugha yao. Lakini ardhi ya Njoro haikumpenda. Aliagiza kondoo kutoka New Zealand, wengi wakafa. Ng'ombe wakakonda wakiwa wamesimama kwenye nyasi ndefu. Baadaye sana wanasayansi waligundua kwamba udongo ule una upungufu wa kobalti, na ule ugonjwa wa kudhoofika ukaingia kwenye vitabu vya mifugo kwa jina la mji wetu: nakuruitis. Akahamia ngano, kutu ya ngano ikaila. Akaweka rehani mali yake ya Cheshire, akaajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazostahimili kutu, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga, Unga Limited. Hadi leo Njoro ni mahali ambapo ngano hupimwa dhidi ya kutu. Chapati unayokula ina mkono wake hapo mahali fulani, upende usipende.

Makao yake makuu yakawa Soysambu, kando ya Elmenteita. Alikufa 1931 na akazikwa hukohuko. Barabara kuu ya Nairobi iliitwa kwa jina lake hadi uhuru ulipokuja ikawa Kenyatta Avenue. Sanamu yake ikang'olewa, ikapelekwa shambani Soysambu. Kile kilima cha Elmenteita kinachofanana na morani aliyelala chali, wazungu walikiita Pua ya Delamere. Morani amerudishiwa pua yake, lakini ardhi iliyo chini yake, takriban ekari 48,000, bado ni ya familia.

Na hili ndilo lililonishangaza kuliko yote: huko kwao hawana tena. Vale Royal iliuzwa 1947, leo ni klabu ya gofu. Shina lilikatwa Cheshire. Tawi lililobaki na mizizi ni la huku.

*

Binamu mwingine, Maurice Egerton, Lodi wa nne wa Tatton, alikuja miaka ya 1920 na kukaa Ngata. Wasomaji wa Nakuru mnajua kasri lake, tumepelekwa huko na shule wote. Lilianza kujengwa 1938 na kumalizika 1954, vyumba zaidi ya hamsini, kwa mtu mmoja asiye na mke. Stori tunayoambiwa na kila gaidi ni kwamba kuna mwanamke alimkataa, akiita nyumba yake ya kwanza kibanda cha kuku, na Lodi akapiga marufuku wanawake shambani. Leo kasri hilo ni la kufungia harusi. Maharusi hupiga picha ngazini.

Mwaka 1939 alitoa ekari 740 kuanzisha shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu. Alikufa 1958, hakuacha mtoto, na cheo kikafa naye. Nyumba yao kuu ya Cheshire ikaenda kwa shirika la kuhifadhi turathi. Shule ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote na mwaka 1987 ikawa chuo kikuu kamili. Lodi aliyekosa mrithi sasa jina lake limo katika vyeti vya maelfu ya watoto wa Kamau, Chebet na Otieno.

Lakini ngoja nikuonyeshe jinsi hilo jina lilivyofika kwake, maana hapa ndipo watu wa nasaba hupitisha mkono haraka. Egerton aliyewatajirisha, Thomas, waziri mkubwa wa sheria wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, alikuwa mtoto wa nje ya ndoa. Na karne ya 18 mali ya Tatton ilipokosa mrithi wa kiume, ilimwendea Hester, dada ya marehemu. Hester alikuwa ameolewa, ana jina la mumewe. Mwaka 1780 akalirudia jina la Egerton, na watoto wake wakaendelea nalo. Bila mtoto wa nje na bila binti aliyeolewa, hakuna Lodi wa Ngata, hakuna kasri, hakuna chuo. Ule mstari mnyoofu wa baba kwa mwana uliochorwa kwenye ukurasa ni kazi ya mchoraji.

*

Siwezi kuandika ushawishi wa familia nikaacha bunduki. Mwaka 1911 Galbraith Cole, ndugu wa mke wa Delamere, mwenye shamba la Kekopey, alimpiga risasi na kumuua mtu aliyemshuku kwa wizi wa kondoo. Baraza la wazee wa mahakama, Wazungu, likamwachilia. Serikali ikamfukuza nchini kwa muda. Leo tunashuka Kikopey kula nyama choma. Aprili 2005 Tom Cholmondeley, kitukuu cha yule wa kwanza, alimpiga risasi Samson ole Sisina, askari wa wanyamapori, Mmasai, akisema alidhani ni jambazi. Mkuu wa Sheria akaiondoa kesi. Mei 2006 akampiga risasi Robert Njoya, fundi wa mawe, ndani ya shamba hilohilo. Alijitetea kwamba alilenga mbwa. Mwaka 2009 mahakama ilimkuta na hatia ya kuua bila kukusudia na kumpa miezi minane. Alifariki 2016, kabla ya babake, kwa hivyo hakuwahi kuwa lodi. Babake alipofariki 2024, cheo kiliruka hadi kwa mjukuu, kijana wa rika langu.

*

Haya yote nilimsimulia Shosho Jumapili moja kule Njoro, tukimenya viazi. Nilimtajia akina Delamere kuanzia aliyekuja: Hugh akamzaa Thomas, Thomas akamzaa Hugh, Hugh akamzaa Thomas, Thomas akamzaa Hugh. Shosho akasimamisha kisu.

"Mjukuu anapewa jina la guka wake," akasema. "Kumbe ni kama sisi."

"Ni kama sisi, Shosho."

"Basi wewe wa kwako unawajua?"

Najua watatu. Guka, ambaye nimebeba jina lake. Babake Guka, aliyekuja Njoro kama skwota kulima ngano ya mzungu. Sheria ya 1918 ilitaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa na mbuzi wake. Na babake huyo, ambaye ni jina tu. Karatasi ya kwanza iliyowahi kuandikwa kuhusu ukoo wetu ilikuwa kipande, kwenye kile kikopo cha kuvaa shingoni, na haikuandikwa kwa faida yetu. Shosho anasema ilipotea 1953 walipopakiwa kwenye lori kurudishwa Gikuyu. Walirejea baada ya uhuru, wakachanga pesa, wakanunua hisa katika kampuni ya mashamba, na hisa ikazaa ekari mbili na nusu ambazo tumekalia tukimenya viazi. Hati ilitoka kwa jina la Guka, na Guka alifariki miaka sita iliyopita.

Ili hati ibadilike jina lazima kwanza kuwe na barua ya chifu inayoorodhesha watoto wote wa marehemu. Hiyo ndiyo Domesday yetu. Na Jumapili ile haikuwa ya viazi tu: wajomba walikuwa wanakuja, na mimi nilikuwa nimeitwa kwa sababu, kama alivyosema mjomba mkubwa kwa simu, "wewe si ndiye mwandishi?"

Guka alikuwa na watoto saba, wanaume wanne na wasichana watatu. Mjomba aliketi, akanywa chai, akaanza kuniamrisha. Yeye wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Nukta.

"Na Tata? Na Mama?" nikauliza.

"Wasichana huolewa. Andika vile nimesema."

Mamangu hakuolewa. Ndiyo maana nina jina la Guka. Lakini hata angeolewa mara tano, sheria ya urithi ya Kenya iliyoanza kutumika 1981 haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike. Hilo nililisema kwa sauti ndogo. Mjomba akaniambia nisimletee mambo ya intaneti, mtu asiyemaliza chuo.

Hapo nikawaza juu ya Mary Holford, miaka arobaini kortini na ndugu wa babake. Nikawaza juu ya Hester. Nikawaza pia jinsi nilivyofuta aya nzima kwa sababu mteja alisema haihusiani, na sikubisha hata kidogo, kwa sababu nilitaka kulipwa. Nimeandika nasaba za watu wengi kwa kuamriwa.

Nikaandika saba. Nikawapanga kwa umri, mamangu akiwa wa tano, kisha nikampa Shosho karatasi. Shosho hajui kusoma, kwa hivyo akanirudishia.

"Soma kwa sauti," akasema.

Nikasoma. Kila jina alikuwa akikunja kidole. Alipofika cha saba akainua mkono, akamwonyesha mwanawe wa kwanza vidole vyote vilivyokunjwa, halafu akarudi kwenye viazi. Mjomba hakusema kitu. Hakukubali pia, ninamjua.

Jumanne tunaenda kwa chifu. Nimepiga kopi tatu, na moja nimeiacha huku Milimani.